Kompyuta Nzima Ndani ya Mkoba wa Ukili

Kibibi binti Hilal si mtu wa vitu vidogo. Kikombe kidogo cha chai humuudhi, na mtu akimkatia kipande chembamba cha mkate wa sinia humuuliza kama kile ni chakula ama ni cha kuonja tu. Kwa hiyo siku Amjad, muuza kompyuta kuukuu mjini Malindi, alipomwekea mezani kitu cheusi kisichozidi ukubwa wa daftari la shule, Kibibi alikitazama kama atazamavyo samaki wa juzi.

"Amjad, mie nilikwambia kompyuta."

"Hii ndiyo kompyuta, Bi Kibibi."

"Hii ni tableti. Mjukuu wangu anayo, yuatazamia katuni."

"Ile ya mjukuu wako ni simu iliyonenepa," Amjad akasema. "Hii ni kompyuta kamili, kama zile za mezani, haikupunguzwa kitu. Ilikuwa mapokezi ya hoteli moja, hoteli ikafungwa. Hebu iwashe kwanza, kisha unitukane."

Akaiwasha shingo upande. Kiduara kikazunguka, kikazunguka tena, kisha pakatokea kitu kilichomfanya Kibibi avue miwani, aifute kwa ncha ya buibui, aivae upya. Ilikuwa skrini ileile aliyoiona kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili: utepe ule chini, saa pembeni, pipa la taka juu kushoto, mafaili ya manjano yamejipanga. Vyote vimo, ila vimekuwa vidogo kama sisimizi. Akabonyeza faili moja, likafunguka. Akalifunga, likafungika.

"Subhanallah," akasema, na hakuwa akifanya mzaha.

Miaka hiyo ishirini na miwili Kibibi aliimalizia katika ofisi ya Bwana Kyalo, mpimaji ardhi. Aliingia pale kupiga taipu, akatoka akiwa mchoraji ramani ambaye Bwana Kyalo mwenyewe akikwama humuuliza. Ofisi ilikuwa ya vyumba viwili, yenye kompyuta za kichogo kikubwa, makabati ya chuma, na mashine ya kuchapia ramani iliyotaka watu wawili kuisogeza. Mzee alipochoka akafunga mlango, akarudi kwao Kitui. Kabla ya kuondoka alimwachia Kibibi flashi moja iliyojaa picha za zamani za pwani, zilizopigwa na ndege kutoka juu, pamoja na programu ya kuchorea ramani. Programu yenyewe ilikuwa na maringo. Simu haiitaki, inataka kompyuta ya kweli, na kompyuta ya kweli Kibibi hakuwa nayo.

Sasa anayo. Ofisi nzima, na makabati yake, imeingia katika mkoba wa ukili, ikafunikwa na leso, na bado pana nafasi ya chupa ya maji na kaimati mbili tatu. Siku za kwanza alikuwa akifika nyumbani kwake mtaa wa Barani, anautoa mkoba begani na kuchungulia ndani, kama aliyebeba kuku na anataka kujua kama yu hai.

Msidhani kuishi nayo ni raha tupu. Kibibi ana vidole vya mtu aliyekuna nazi tangu utotoni, na kile kialama cha kufungia dirisha ni kidogo kuliko punje ya mchele. Akitaka kufunga, hupunguza. Akitaka kupunguza, hufuta. Mara mbili za mwanzo ramani ilimpotea akalia kama mtoto, mpaka alipojua kuliendea lile pipa la taka na kuiokota. Kibodi ya kwenye skrini nayo ikijitokeza hufunika nusu ya kazi, ukawa huoni unachokiandika. Akanunua kalamu yenye ncha ya mpira, na kibodi ndogo ya waya, akadhani ameshinda. Ndipo alipogundua kwamba chombo kile kina tundu moja tu. Tundu hilo ndilo la kuchajia, na hilohilo ndilo la kuchomekea kibodi, au flashi, au kitu kingine chochote. Ama kile umeme, ama kiseme.

"Kina adabu kuliko nyinyi," aliwaambia wajukuu zake. "Hakisemi na tonge mdomoni."

Na nafasi haina. Mfumo mzima wa kompyuta umeshindiliwa mle ndani kama magunia ya mkaa kwenye lori, kilichobaki ni cha kujibanza. Kila mwezi hutoka ujumbe kwamba kuna masasisho mapya, na kila mwezi Kibibi hutafuta kitu cha kukitoa ili hayo yaingie. Lakini hakuacha kustaajabu. Wenzake hustaajabu wiki moja kisha wakazoea. Yeye mwaka wa tatu huu, na kila kikiwaka bado hutikisa kichwa.

Kazi anayoifanya nacho ni ya kuhesabu minazi. Huku kwetu pwani ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ikawa ya mtu mwingine, na mwenye shamba akifariki, warithi hugawana mti kwa mti. Zamani wazee walitembea shambani wakinyoosha bakora: huu wa Fulani, ule wa binti Fulani. Wazee wakafa, bakora zikabaki, na ndugu wakaacha kusalimiana. Sasa familia humwita Kibibi. Hupita mti hadi mti, husimama kwenye shina, hubonyeza, pakatokea nukta. Kila nukta ina mstari wake wenye namba, umri, na jina la mwenyewe. Akimaliza hukaa chini, na shamba zima liko mapajani mwake, mnazi kwa mnazi, kama anavyoliona ndege. Hapo ndipo mwili humsisimka. Mtu aliyezaliwa kwenye shamba hilo, akazeekea humo, hajawahi kuliona hivyo hata siku moja.

Basi mwaka huu zamu ikafika kwao.

Shamba la marehemu mzee Hilal liko nje kidogo ya Takaungu. Nyumba waliyozaliwa ilianguka zamani, familia ikahamia Takaungu mjini, kwenye vichochoro, nako ndiko anakoishi mama yao, Bi Raiya, mwenye miaka sabini na minane na magoti yasiyomtii. Hajakanyaga shambani mwaka wa kumi na mbili huu. Mdogo wake Kibibi, Alamin, anayefanya kazi Mombasa, alikuwa anataka kujenga sehemu ya juu ya shamba, upande wa barabara. Minazi ya huko imezeeka, mingine haizai. Dada na ndugu walikubaliana, na wakaenda kumwomba mama ruhusa, maana yeye pia ni mrithi.

Bi Raiya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kateni. Mkate yote. Ila mmoja."

"Upi, mama?" akauliza Alamin.

"Wa mtoto."

Kibibi na Alamin walijua kwamba palikuwa na mtoto kabla yao, aliyeishi miezi saba. Walijua kama watoto wanavyojua mambo ya nyumbani, kwa kusikia shangazi akisema nusu na kunyamaza. Mama mwenyewe hakuwahi kumtaja. Hata jina hawakulijua.

"Kitovu chake kimezikwa chini ya mnazi," Bi Raiya akaendelea, akitazama mikono yake. "Alipanda mkwe wangu, Bi Kulthum. Mie nilikuwa ndani, sijatimiza arobaini, sikuruhusiwa kutoka. Akaja akaniambia, nimempandia mjukuu wangu mnazi. Ukitoka mlango wa jikoni, hatua ishirini mbele yako, usikunje kulia wala kushoto. Huo msiuguse. Mkiugusa huo, mie na nyinyi tumemalizana."

Uchungu wa mwana, aujuaye ni mzazi. Kibibi alimwangalia mamake akaona kwamba miaka yote ile hakuwa amesahau, alikuwa amenyamaza.

Kukata kulipangwa Jumamosi. Jumatano Kibibi akaenda shambani na mkoba wake. Hakuwa na wasiwasi, kwani jiko lile alilijua. Lilikuwa upande wa chini, unaoelekea hori, ule mkono wa bahari, naye ndiko alikojifunza kupika wali akiwa na miaka minane na kuunguza. Kuta zimekwisha, lakini mafiga matatu bado yapo majanini, meusi vilevile. Akasimama palipokuwa na mlango, akahesabu hatua ishirini bila kukunja, akafika kwenye mnazi mzuri ulionyooka. Akaushika kwa mkono. Akasoma Fatiha. Akaufunga kitambaa chekundu, akabonyeza kalamu, nukta ikaingia. Aliporudi akamwambia mamake, "Nimeupata," na mama akasema, "Alhamdulillahi," akageukia ukutani akalala.

Alhamisi mchana akapigiwa simu na Katana, mkwezi na mkataji minazi kutoka Matsangoni, aliyekuwa ametangulia kuangua nazi kabla ya kukata.

"Mama Kibibi, ule munazi wa kitambaa chekundu. Uliniambia ni wa ndugu yako mkubwa?"

"Ndio, Katana. Kuna nini?"

"Basi nakuomba uje uangalie. Nimeupanda leo. Kuti likianguka laacha kovu kwa shina, nasi hukanyaga papo hapo tukipanda. Mwaka mmoja ni makovu kumi na mawili, kumi na matatu. Mimi huhesabu bila kupenda, ni mazoea. Munazi huu hata miaka arobaini hauna. Wewe mwenyewe ni mkubwa kwake."

Kibibi ana miaka arobaini na saba. Alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye kibaraza cha duka la mtu, simu sikioni.

Alamin, alipoambiwa, alivuta pumzi. "Dada, sikiza. Mnazi ni mnazi. Mama hafiki shambani. Tukimwambia umesimama, umesimama. Mashine ya kukatia imeshakodiwa, watu wameshaitwa."

"Na ule wa kweli uwe uko huko juu, ukatwe?"

"Atajuaje?"

"Mimi nitajua," akasema Kibibi, na akakata simu kabla hajatamka neno ambalo dada hamwambii ndugu yake. Alamin si mtu mbaya. Ana haraka tu, na mwenye haraka huona kila kitu ni kizuizi.

Kibibi akaenda Takaungu kwa mama, akajaribu kuuliza kwa upole. "Mama, una hakika ni hatua ishirini?"

"Nisijue mnazi wa mwanangu, mie?"

"Mlango wa jikoni?"

"Kibibi, nimekwambia mlango wa jikoni. Wataka niseme mara ngapi?" Akajifunika leso usoni. Kibibi hakuweza kuuliza tena.

Ijumaa, Alamin alipofika kutoka Mombasa na kwenda msikitini, nyumba ikabaki na wanawake wawili. Kibibi akakaa ukumbini na tableti yake. Alikuwa ameamua jambo moja: kama hajui mnazi ni upi, basi atatafuta ni minazi ipi iliyokuwapo zama hizo. Katika flashi ya Bwana Kyalo kulikuwa na picha ya Takaungu iliyopigwa na ndege miaka mingi kabla Kibibi hajazaliwa. Alikuwa ameiona mara moja tu kwa juujuu. Ilikuwa nzito mno, na haikutosha ndani ya tableti hata angetoa kila kitu. Ilibidi aifungue ikiwa humohumo kwenye flashi. Na flashi ikiwa tunduni, chaji haiingii. Betri ilionyesha asilimia thelathini na nane.

Akachomeka. Kiduara kikaanza kuzunguka. Dirisha likageuka jeupe, na maandishi yakatoka kwamba programu haijibu. Kibibi amekaa na kompyuta miaka mingi, anajua kuwa hapo usiguse kitu. Akaweka mikono mapajani akasubiri. Thelathini na moja. Ujumbe wa masasisho ukajitokeza pembeni ukitaka kuizima mashine na kuiwasha upya, yeye akauahirisha kwa kalamu. Mgongo wa tableti ulikuwa umepata moto kama chuma cha kukaangia chapati.

Bi Raiya alikuwa akitazama kutoka kitandani. "Mbona chatokota hicho?"

"Kimeelemewa, mama. Nimekibebesha kazi kubwa."

"Kina homa," akasema Bi Raiya. Akajikokota akaja kukaa mkekani karibu na bintiye, akachukua kipepeo na kuanza kukipepea, polepole, kwa mkono uliozoea kupepea wagonjwa. Hakuuliza cha nini.

Ikafika ishirini na mbili ndipo picha ikafunguka.

Ilikuwa ya rangi ya kijivu tupu. Kibibi akaanza kuifunga juu ya picha ya siku hizi, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja shuka na mwenziwe. Kona ya barabara hii na kona ya barabara ile. Kisima cha msikiti. Ncha ya mwamba pale hori linapopinda. Jiwe la mpaka la mzee Hilal, ambalo hata kwenye picha ya zamani lilionekana kama chembe ya chokaa. Sehemu nne zilipokamatana, akabonyeza. Mashine ikafikiri. Kisha picha ya kale ikajinyoosha, ikateleza, ikalala juu ya ya leo, barabara juu ya barabara, mwamba juu ya mwamba, bila kuachana hata unywele.

Kwa kidole Kibibi aliweza kuifanya picha ya juu iwe nyepesi, hata shamba la leo likaonekana chini yake, kisha akairudisha nzito likawa shamba la zamani. Baba, bibi, wote walikuwa hai humo ndani siku ile ndege ilipopita. Huenda bibi alikuwa uani akainua kichwa kutazama kinachonguruma. Na yote haya yapo juu ya kitu anachokibeba pamoja na kaimati. Akahisi machozi, akacheka, akayafuta.

"Hebu nipe nione," akasema Bi Raiya, akasogeza miwani. Kibibi akaikuza picha. "Hii ndiyo nyumba yetu? Makuti haya?"

"Ndiyo, mama. Hili paa kubwa."

"Na lile pale ndilo jiko," akasema Bi Raiya, akaweka kidole.

Kibibi akatazama kidole cha mamake. Kilikuwa upande wa juu, upande wa barabara. Upande wa chini, penye mafiga, picha haikuwa na kitu ila majani.

"Mama, jiko si lilikuwa upande wa hori?"

Kipepeo kikasimama. Bi Raiya alikuwa bado ameweka kidole juu ya kile kijipaa cha kijivu, na alipozungumza hakumtazama Kibibi.

"Hilo la hori ni la baadaye. Mlipozaliwa nyinyi ndilo mlilolikuta. Hili ndilo la mwanzo. Kila nikifungua mlango asubuhi kuwasha moto, namwona. Alipokuwa mdogo nilistahimili. Nikimtia maji, nikimpalilia. Mwaka ule mnazi uliponipita kimo, nikashindwa. Nilitoka na sufuria mkononi, nikainua macho kuutazama, nikakaa chini, sikuinuka mpaka adhuhuri. Bi Kulthum hakuniuliza. Kesho yake akaita mafundi, jiko likahamishwa nyuma ya nyumba. Toka siku hiyo sikupita upande ule tena. Na hakuna aliyelitaja jambo hilo, hata babako."

Kibibi akaushika mkono wa mamake, ule wenye kipepeo. Sasa alielewa kwa nini kila mmoja wao alikuwa na hakika na kila mmoja alikuwa akizungumzia mlango mwingine.

Betri ilikuwa asilimia tisa. Akaweka kalamu kwenye mlango wa kile kijipaa, akavuta mstari mbele yake, hatua ishirini za mwanamke mfupi. Mstari ukafika kwenye kijidoa cheusi kidogo sana, kimesimama peke yake, hakina jirani. Bi Raiya akainama mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo.

"Ndiye," akasema.

Kibibi akaifanya nyepesi ile picha ya kale, taratibu. Kile kijidoa kikafifia, na palepale, chini yake hasa, kikachomoza kichwa cha mnazi mkubwa wenye makuti yaliyotawanyika pande zote. Uko hai. Na uko katikati ya sehemu ya kukatwa kesho asubuhi, pale penye mchoro wa sebule ya Alamin.

Akabonyeza, nukta ikaingia. Mstari wake ukafunguka ukisubiri. Namba ikajiandika yenyewe. Umri, akaandika. Jina la mwenyewe. Hapo kalamu ikakaa.

"Mama, naandika nani?"

Bi Raiya akaitazama kalamu. "Habib," akasema. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akalirudia kwa sauti kubwa kidogo. "Habib bin Hilal. Andika."

Akaandika, akahifadhi. Asilimia tatu. Alamin alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, hawakujua amefika lini, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye haraka.

"Dada," akasema, "hiyo nyumba yangu yaweza kusogezwa?"

"Chaji kwanza," akasema Kibibi. "Ikishakula, nitaisogeza."

Jumamosi Bi Raiya alikataa kubaki nyumbani. Walimpandisha tuktuk, wakamshikilia huku na huku kwenye mashimo, aliposhuka akashikwa na Kibibi kulia na Alamin kushoto. Katana alikuwa tayari ameshaupanda mnazi ule na kuteremka. Aliwasalimu kwa heshima, akasema hakuna shaka, alipofika makovu mia saba aliacha kuhesabu. Mashine ya kukatia ilikuwa imezimwa. Watu wa kazi walijitenga mbali kidogo wakawapa nafasi.

Bi Raiya akaachia mkono wa bintiye, akaachia na wa mwanawe. Hatua nne za mwisho alizikanyaga mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya shina, akalipapasa juu na chini, kovu kwa kovu, kama mama anayemkagua mtoto aliyetoka safari ndefu. Kisha akainua uso. Shina lilipanda, likapanda, mpaka leso ikamteleza kichwani ikaanguka, asiiokote, akiendelea kutafuta mwisho wake kule juu angani.

"Mashallah, baba," akasema. "Ndo umekuwa mrefu hivi."